Siku Saba za Kimya

Ufalme wa Mwambakuu ulikuwa na sheria mia tatu, na hakuna hata moja iliyotungwa na mwenye masikio. Mfalme wake alikuwa Chewa, samaki mnene mwenye mdomo mpana kama mlango wa ghala, na mdomo huo ndio uliompatia kiti: kila aliyewahi kukigombea alimezwa. Waziri Mkuu alikuwa Taa, bapa kama mkeka, mwenye mwiba mkiani na tabasamu upande wa tumbo. Ukimtazama kutoka juu humwoni akicheka, na ukishafika chini yake umechelewa. Jongoo Bahari alikuwa na vyeo sita kwa sababu hajawahi kusogea akamkera mtu. Kaa alikuwa mtaalamu wa kila jambo, na swali lolote ulilompa alilijibu akienda ubavu.

Chini ya wakubwa hao waliishi wenye masikio: Nyangumi, Pomboo na Nguva. Hao si samaki. Hupanda juu kuvuta pumzi, hunyonyesha watoto wao, na kwa kuwa maji ya Mwambakuu ni mazito kwa tope, hutembea, hula na hutafutana kwa kusikia. Mama Pomboo humpa mwanawe mluzi siku ile anapozaliwa, mluzi usiofanana na wa mwingine yeyote, na mtoto huujua kabla hajajua ladha ya maziwa. Asiyesikia mluzi wake hana mama. Hivyo ndivyo walivyosema wao wenyewe, na hawakuwa wakitia chumvi.

Kisha wakaja Wageni wa Juu. Walishusha mchi wa chuma mrefu kuliko Nyangumi watatu, wakaanza kuitwanga sakafu ya bahari, wakitafuta kitu kilicho chini ya tope. Walitwanga tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Mfalme aliwaruhusu bila hata kuuliza wanatafuta nini, maana kila asubuhi Wageni walimwaga pipa la makombo mbele ya pango lake, na mwenye kutafuna hana nafasi ya kuuliza. Badala yake akatoa amri kwamba neno "kelele" lisitamkwe tena katika ufalme. Mlio wa mchi uitwe Sauti ya Neema. Wakubwa wakapiga mapezi yao kwa furaha, na wale wasio na mapezi wakapiga walichonacho.

Bi Pomboo alikuwa na binti mmoja, Kibibi, wa miaka miwili. Asubuhi moja alimpigia mluzi wake waende kula, na Kibibi hakugeuka. Akapiga tena, akapiga mara ya tatu, na mtoto akaendelea kuogelea moja kwa moja kuelekea jabali, kana kwamba jabali halipo. Bi Pomboo akamkinga kwa ubavu wake mwenyewe. Ngozi ikachunika, lakini hakuisikia. Alichokisikia ni woga.

Akampeleka kwa Bibi Nyangumi, mganga wa masikio, mzee aliyewahi kuzisikia nyimbo za bahari tatu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mlete karibu." Bibi Nyangumi akamwimbia Kibibi kwa sauti nene, kisha ya kati, kisha nyembamba. Ile nene mtoto aliitikia kidogo. Nyembamba hakuitikia kabisa. "Sikio hili halijafa," akasema Bibi Nyangumi. "Limechoka. Sikio lililochoka hupona likipumzishwa, ila halingoji sana. Mpatie siku saba za kimya, siku saba mfululizo, bila pigo hata moja. Ukikawia mpaka mwezi uandame, basi tena. Litakuwa limekufa, na sikio halifufuki."

"Kimya nitakipata wapi, Bibi? Mchi unasikika ufalme mzima."

"Mimi mganga tu," akasema Bibi Nyangumi. "Kimya wanacho wenye nchi."

Bi Pomboo akaenda barazani. Alipita milango minne, na kwenye kila mlango aliulizwa shida yake, na kila alipoieleza aliambiwa mlango huo haushughuliki na masikio. Mwisho akafika mbele ya Mfalme Chewa, aliyekuwa amejaa ndani ya pango lake kiasi kwamba mdomo tu ndio ulioonekana. Akaeleza yote. Hakulaumu wala hakutukana. Aliomba siku saba.

"Umesema kelele," akasema Waziri Taa kwa upole. "Neno hilo halimo katika lugha ya nchi."

"Basi Sauti ya Neema, Mheshimiwa. Sauti ya Neema inamuua sikio mwanangu."

"Neema haiui."

"Mheshimiwa, njoo umtazame mtoto mwenyewe."

Taa akamtazama Kibibi kama mtu anavyotazama kombe tupu. "Tunampa pole. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, Bi Pomboo. Wahenga walishasema."

"Wahenga walisema la kufa. Hili ni zima na linaiomba hiyo dawa."

Baraza likanong'ona. Mfalme Chewa akafumbua mdomo, na makombo mawili yakadondoka. "Iundwe kamati," akasema, kisha akaufumba.

Kamati ikaundwa siku hiyo hiyo, kwa haraka ambayo wenye nchi huwa nayo kwenye jambo lisilo na faida. Mwenyekiti alikuwa Jongoo Bahari, asiye na sikio, jicho wala uti wa mgongo. Mtaalamu alikuwa Kaa. Mjumbe wa tatu alikuwa Chaza, aliyejifunga tangu kikao cha kwanza na hakufunguka hadi cha mwisho. Kumbukumbu zinasema aliunga mkono. Wenye masikio hawakupewa kiti, kwa hoja kwamba wao wana maslahi katika jambo la masikio.

Siku tisa zikapita. Kila siku Bi Pomboo aliogelea na pezi lake juu ya mgongo wa Kibibi, akimwongoza kwa kumgusa: kulia, kushoto, panda, vuta pumzi. Kila alfajiri kabla mchi haujaanza alimpigia mluzi wake. Mtoto hakugeuka. Siku ya kumi akaitwa kusomewa Kanuni.

"Kwanza," akasema Jongoo Bahari, kwa sauti iliyotoka sijui wapi, "kamati imepima. Kaa aliwekwa kando ya mchi kutwa nzima."

"Nilijipima mwenyewe," akasema Kaa kwa fahari. "Gamba halikupata ufa. Kwa hiyo kipimo cha taifa ni hiki: mlio wowote usiopasua gamba la Kaa hauna madhara kwa sikio."

"Lakini wewe huna sikio!"

"Ndiyo maana sikuwa na upendeleo."

Kwa mtu kama Kaa unaweza kuishiwa hoja bila kushindwa.

Jongoo Bahari akaendelea. Serikali, kwa huruma yake, imewaagiza Wageni kwamba kila wanapohamishia mchi mahali papya, pigo la kwanza liwe dogo, la pili kubwa kidogo, na hivyo hivyo hadi litimie, ili mwenye masikio apate kusikia na kujiondokea. Vilevile atateuliwa Mlinzi wa kukaa karibu na mchi, na akimwona mwenye masikio anapita, aamuru mchi usimame. Mlinzi huyo ni Pono.

Hata Taa alikaza uso asicheke. Kila kiumbe baharini anajua usingizi wa Pono. Wazazi huutumia kuwasema watoto wavivu.

"Mwenyekiti," akasema Bi Pomboo, "mmesema tujiondokee. Tuende wapi?"

"Kanuni haisemi."

"Na siku saba zangu?"

"Kanuni imekidhi mahitaji yote ya siku saba bila kuhitaji siku zenyewe."

Hapo ndipo Bi Pomboo aliponyamaza, na aliponyamaza akasikia. Alisikia kucha za Kaa zikikwaruza mwamba. Alisikia punje za mchanga zikiviringika. Alisikia moyo wa Kibibi ukipiga ubavuni pake. Ilikuwa katikati ya mchana, saa ambayo ufalme mzima ulikuwa ukitetemeka, na hapa, mbele ya pango la Mfalme, palikuwa kimya.

"Mchi umesimama?" akauliza.

"Haujasimama," akajibu Jongoo Bahari, ambaye hakuwa na akili ya kutosha kudanganya. "Wageni waliombwa tu wasikaribie Duara la Mtukufu, na kuta hizi za mwamba humeza kinachobaki. Mtukufu hulala mchana. Ile sauti ilikuwa ikimpa kiungulia."

Bi Pomboo akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na Taa akainua mkia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Waliapa kwa gamba la Kaa kwamba mlio haudhuru, nao walikuwa wamejifichia kimya chao wenyewe, wakikilalia kama kuku na yai viza.

"Nimeridhika na Kanuni," akasema Bi Pomboo, na akainamisha kichwa. "Inasema anayesikia ajiondokee. Nimesikia. Nimejiondokea mpaka hapa. Sitoki."

Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika kila ghuba. Wakaja Nyangumi na ndama wao, wakaja Pomboo makundi kwa makundi, wakaja Nguva, wale wapole wasiowahi kusema neno barazani isipokuwa "hewala". Walijaa ndani ya Duara la Mtukufu hadi maji yakakosa nafasi. Hawakupiga kelele, hilo ndilo lililowaudhi wakubwa kuliko yote. Walikaa tu, wakipanda kuvuta pumzi na kushuka, na kukaa. Bibi Nyangumi akajilaza mbele ya mlango wa pango, na Mfalme akabaki hana anachokiona isipokuwa tumbo.

Siku ya kwanza Taa aliwasomea sheria ya mikusanyiko. Siku ya pili aliwasomea tena, polepole. Siku ya tatu pipa la makombo lilishindwa kufika pangoni, na Mfalme akalia. Alilia kweli, mfalme mzima, kwa sababu ya kifungua kinywa. Bi Pomboo aliwahi kumwogopa kiumbe yule. Sasa alimsikia akilia kwa kwikwi kule ndani, akajionea haya kwa miaka yote aliyomwinamia.

Siku ya tano Taa alimjia peke yake, akiogelea chini chini juu ya mchanga.

"Bi Pomboo, tuzungumze kama watu wazima. Wewe uliomba siku saba za mtoto mmoja. Mfalme amekupa. Baki hapa na binti yako, siku mbili, siku ishirini, upendavyo. Waambie tu hawa wengine waende makwao. Wewe ndiye uliyewaleta."

Bi Pomboo alitaka kusema ndiyo. Nisimpambe: neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Siku mbili tu zilibaki. Wale wengine hakuwazaa yeye. Na alfajiri hiyo, alipopiga mluzi, alidhani ameuona mkia wa Kibibi ukitikisika, ingawa labda lilikuwa wimbi.

Nyuma yake alikuwapo mama mmoja Nguva na mwanawe wa wiki tatu. Alikuwa na masikio, kwa hiyo alisikia kila neno. Hakulalamika wala hakumtazama Bi Pomboo kwa jicho la lawama. Alianza tu kumsukuma mwanawe kwa pua, taratibu, kumwelekeza njia ya kutoka, kama mtu aliyezoea kuambiwa zamu yake imepita.

"Rudi ukae, mama," akasema Bi Pomboo, na sauti yake ilikuwa imekasirika, hata yeye hakujua kamkasirikia nani. Akamgeukia Taa. "Tunatoka wote au hatoki mtu."

"Utajuta."

"Nitajuta vyovyote, Mheshimiwa. Niache nijute nikiwa na wenzangu."

Siku ya sita Mfalme aliita baraza la dharura ndani ya pango, wakubwa wakibanana pembeni mwa tumbo lake. Akaamuru jambo ambalo hata wapumbavu wake walisita kulipigia pezi: Wageni wauhamishie mchi hapa hapa, ndani ya Duara la Mtukufu, ili wavamizi watawanyike.

"Mtukufu," akasema Taa, "na wewe?"

"Mimi nini? Si mmeniambia hauna madhara?"

Wakubwa walikuwa wamedanganya muda mrefu kiasi kwamba mwongo mkubwa kuliko wote alikuwa ameuamini uongo wenyewe. Taa akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli mikoani, akaondoka.

Asubuhi ya nane, siku saba za kimya zikiwa zimetimia, Bibi Nyangumi alisikia minyororo ya mchi ikiburutwa juu yao. Kisha likaja pigo la kwanza, dogo, kama Kanuni ilivyoagiza. Wenye masikio wakaondoka bila kusukumana, Nyangumi wakiwakinga Nguva, Pomboo wakiwapitia samaki wadogo wa mapangoni na kuwafukuza mbele yao watoke nao. Bi Pomboo alimshika Kibibi pezi na kumvuta. Hakujua kama mtoto amelisikia pigo lile au anafuata tu pezi la mama. Hakuwa na muda wa kujua.

Akamkabidhi kwa Nguva waliotangulia mbali na watoto, lakini yeye alisimama mlangoni mwa pango. Sijui kwa nini. Wema una ujinga wake.

"Toka, Chewa! Linalokuja litakuwa kubwa!"

"Kanuni inasema halidhuru," ikajibu sauti ya ndani.

"Gamba langu zima kabisa," akaongeza Kaa.

"Toka, mtu wewe!"

"Mtukufu," akamsahihisha Mfalme. Ndilo lililokuwa neno lake la mwisho.

Kila samaki wa aina yake ana mfuko wa hewa tumboni, unaomwezesha kuelea. Pigo la tisa liliupasua wa Mfalme Chewa ndani ya kimya alichojitengea. Aliinuka taratibu, tumbo juu, macho yamemtoka, akawapita wakubwa wake wote kwenda juu kwa Wageni. Pono, Mlinzi wa Mchi, naye aliinuka kando yake. Huyo hakuwahi kuamka, na hakuna aliyeona tofauti.

Taa hana mfuko huo. Kaa hana, Jongoo Bahari hana, Chaza hana. Waliokuwa pangoni walitoka vifusini wazima, na Taa akarudi kutoka mikoani, maana viumbe wa namna hiyo ndivyo walivyoumbwa. Wageni wakasimamisha mchi wakingoja kuambiwa mfalme mpya ni nani, na jioni hiyo wakubwa waliita mkutano wa nchi nzima katika Ghuba ya Nguva, ambako majani ni mengi na wenyeji hawana neno.

Taa alihutubia. Alisema marehemu alifariki kwa kushiba, kifo cha heshima. Alisema kamati ilichunguza na kukuta kwamba, kwa kuwa marehemu hakuwa na masikio, hangeweza kudhuriwa na sauti. Kisha akamgeukia Bi Pomboo na kukunjua mabawa yake. "Zama mpya zimeanza. Nakuteua kuwa Mjumbe wa Masikio barazani. Kiti chako kipo tayari, pale kando ya Chaza."

Watu wakashangilia. Wapo waliotokwa na machozi, na Bi Pomboo mwenyewe, kwa uchovu wa siku saba, alijikuta akikitazama kile kiti. Labda ndivyo mambo yanavyoanza kubadilika, alifikiri. Labda kiti ni kiti. Wakati umati ukishangilia, Taa alimwinamia Jongoo Bahari na kumwambia jambo, mdomo ukiwa chini, upande ule wa tabasamu, usioonekana na mtu.

Kibibi, aliyekuwa amejibanza ubavuni, akainua kichwa.

"Mama," akasema, "kwa nini anasema Nguva hawatasumbua?"

Bi Pomboo akamgeukia. Yeye hakuwa amesikia kitu. Hakuna mtu mzima aliyesikia kitu. Masikio yao wote yalikuwa bado yanavuma kwa mapigo ya asubuhi, ambayo watoto walitangulizwa mbali nayo.

"Nani anasema, mwanangu?"

"Yule bapa. Anasema mchi wauhamishie hapa, kwenye majani, maana Nguva ni wapole. Na anasema wewe ukipewa kiti utanyamaza."

Mtoto alikuwa amesikia mnong'ono, katikati ya vifijo vya ufalme mzima. Bi Pomboo alitaka kupiga ukelele, alitaka kumkumbatia, alitaka kulia. Alimgusa paji la uso mara moja, kisha akamsukuma mbele, mahali penye mwanga, mbele ya macho ya wote.

"Rudia, Kibibi. Kwa sauti."

Kibibi akarudia, neno kwa neno, kwa sauti nyembamba ya mtoto, na umati ukanyamaza safu baada ya safu hadi nyuma kabisa.

Taa akacheka kidogo. "Ni mtoto. Tena kiziwi, mama yake mwenyewe ni shahidi."

Kule nyuma, Nguva waliacha kutafuna. Wakaanza kusogea mbele pamoja, wazito, bila haraka, yule mama wa mtoto wa wiki tatu akiwa wa kwanza. Taa akatazama njia ya kutokea, na njia ya kutokea ilikuwa imejaa Nyangumi.